Unga Gani?

Zam wa mtaa wa Oli anauza unga wa muhogo, na kama kuna mtu Arua aliyeibiwa mchana kweupe bila mwizi hata kukimbia, ni yeye. Meza yangu ya samaki wakavu imepakana na yake sokoni, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Niliyaona mwenyewe, na hadi leo yananichoma.

Zam ni mtoto wa askari, mzaliwa wa Koboko. Baba yake aliwalea kwa Kiswahili cha kambini: amri ikitoka, jibu ni "ndiyo, afande", kisha miguu inafuata. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini nyumbani kwa yule mzee kuuliza kulikuwa na kiboko chake. Malezi hayo yalimfanya Zam kuwa muuzaji ambaye hampunji mteja. Yalimfanya pia kuitika ndiyo mbele ya kila aliyevaa koti jeupe.

Binti yake wa pekee, Shamim, alianza kuugua tumbo akiwa darasa la pili. Likavimba, akaharisha, akakonda mpaka magoti yakawa manene kuliko mapaja. Akapewa dawa ya minyoo, kisha dawa ya minyoo tena, kana kwamba hakuna ugonjwa mwingine duniani. Mwishowe Zam alimpeleka Kampala. Huko wakamchunguza matumbo, wakagundua kwamba mwili wake unaikataa ngano. Hakuna kidonge cha ugonjwa huo. Mtu huacha ngano na jamii yake maisha yake yote. Daktari alieleza kwa Kiingereza, muuguzi akatafsiri kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu.

"Mama, mtoto hii asikule unga. Unga hapana kabisa, hata kidogo."

"Ndiyo, sista," Zam akaitika.

Sasa nisikilizeni. Kwa wauza chapati wa Kampala, unga ni ngano, basi. Kwetu unga ni muhogo na mtama, unaosongwa ukawa enyasa, na mtu asiyekula enyasa atakwambia hajala tangu asubuhi hata kama amemaliza sahani mbili za wali. Muuguzi alikataza chapati. Zam alisikia amekatazwa chakula.

Alirudi akatoa unga wote jikoni. Akampiga Shamim marufuku kukanyaga sokoni. Jioni alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi la unga, mtoto akamkimbilia, naye akanyoosha mkono: "Simama hapo!" Mpaka aoge, abadili nguo, ndipo amguse mwanawe. Ikawa hivyo kila jioni. Mimi nilidhani ni maagizo ya wakubwa wanaojua kazi yao.

Na mtoto ale nini? Hapo ndipo alipoingia Moris, mwenye duka kubwa la barabara kuu. Alikuwa na mikate ya pakiti kutoka ng'ambo, imechorwa suke la ngano lililokatwa kwa mstari, yaani haina ngano. Mkate wenyewe ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na ukiubonyeza unavunjika kama udongo mkavu. Kuupata, Zam aliuza beseni zima la unga. Biskuti zake, beseni lingine.

"Hii iko chakula ya wagonjwa, Mama Shamim," Moris alimwambia mbele yangu. "Inatoka mbali. Iko na nguvu sana."

Nguvu! Siku moja niliichukua pakiti nikaisoma: wanga wa viazi, wanga wa mahindi, sukari, mafuta ya mawese, chumvi. Nguvu iko wapi hapo? Lakini Zam alisema amri ni amri. Aliacha kununua maharage. Kisha akaacha kuchukua samaki kwangu, kwa sababu mkate ulikuwa unakula kila kitu. Nikimpa samaki bure alikataa. Binti wa askari haombi.

Kuhara kulikoma, nisiseme uongo. Lakini Shamim alibaki mweupe wa midomo, na asubuhi moja akaanguka paredi shuleni.

Nilifunga meza nikaandamana nao hospitali hapa hapa Arua. Mshauri wa lishe alikuwa Stella Kiden, mtu wa Koboko. Alitazama kucha za mtoto, akasema damu imepungua sana.

"Iko nakula nini?"

"Mukate ya pakiti," Zam akasema. "Na biskuti yake."

"Na enyasa?"

"Walikataza unga."

Kiden alitaka kucheka. Akaona uso wa Zam, akaacha.

"Unga gani, Mama Shamim?"

Katika kuhangaika kote kwa Zam, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Ngano ndiyo mbaya," Kiden akasema polepole. "Muhogo hapana ngano ndani. Mtama hapana. Ulezi hapana. Saga tu kwa mashine ambayo haisagi ngano. Hii ya pakiti, kweli, hapana ngano, lakini iko wanga na sukari tu. Damu itatoka wapi? Mupe enyasa na maharage, simsim, samaki, mboga."

"Mimi niko nauza unga ya muhogo," Zam akasema. "Kila siku niko nakaa juu ya gunia yake."

Tulipotoka hakulia. Alikwenda moja kwa moja dukani. Moris alikwisha kumwekea mkate wake kaunta.

"Mama Shamim, mukate yako hii."

"Kula wewe," Zam akamwambia. "Wewe ndio mgonjwa."

Nilitamani kumpigia makofi.

Kesho yake jioni nilimsindikiza nyumbani na samaki wangu. Hakujifuta hata kidogo. Alikuwa mweupe hadi kope, amebeba beseni la unga. Shamim alitoka mbio mlangoni, kisha akasimama pale pale anaposimama siku zote, mikono nyuma.

"Njoo," Zam akasema.

Mtoto akatikisa kichwa. "Mama, iko na unga."

"Njoo, Shamim."

"Amri ilisema hapana."

Zam akatua beseni, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Uliza," akasema. "Uliza mimi: unga gani."

Shamim alinitazama mimi, akamtazama mama yake.

"Unga gani, Mama?"

"Ya muhogo," Zam akasema, akafungua mikono.