Gari Tuliloinua Badala ya Kusafiri

Siku ile nilipaswa kusema hapana, nami nikamwambia shemeji yangu, "Sawa, muthoni, tuinue." Naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, akingoja nikatae.

Nimesikia na wewe umeagiza springi za kuinua gari lako, ati umeona kwenye simu mtu akiifanya kazi hiyo uani kwake kwa asubuhi moja. Asubuhi moja! Magari ya kwenye simu hayana kutu. Kaa hapa kidogo nikueleze, halafu ukitaka kuinua, nenda ukainue.

Wakati huo nilikuwa na pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, niliyobebea mbuzi na pojo hapa Kiambere. Ilikuwa imechoka lakini ilitembea. Mke wangu, Mama Wawira, ni mzaliwa wa Maua, na mama yake alikuwa mgonjwa huko. Walikuwa wakiongea kwenye simu kila mara.

"Sauti ya mama imebadilika," aliniambia. "Ananiuliza nakuja lini. Hajawahi kuniuliza hivyo."

Tukakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi tungeondoka.

Ijumaa akafika Kirimi, kaka yake mkubwa, ametoka huko huko Maua. Kirimi alikuwa ameendesha pikapu za miraa miaka mingi, na mtu wa kazi ile huamini kwamba hakuna anayejua gari kumshinda. Alishuka kwenye bodaboda na gunia zito: springi ndefu za mbele, vyuma vya kuongeza nyuma, na shokabzoba, zile nguzo zinazozuia gari lisirukeruke. Alizunguka pikapu yangu akiicheka.

"Muthoni, hii gari imekaa kama kuku ameatamia. Na hiyo tumbo ndio unataka kupanda nayo kwetu? Mvua imenyesha. Mtalala kwa matope hapo juu ya Kangeta."

"Mama yuko aje?" mke wangu akamuuliza.

"Mama? Nimemwacha akigombana na jirani juu ya kuku. Huyo atatuzika sisi wote. Tuinue gari leo, kesho tuko barabarani kama wafalme."

Hapo ndipo nilipotazamwa kutoka mlangoni. Na hapo lazima nikueleze jambo, kwa sababu nyinyi vijana wa mjini mnalichukulia kama mchezo. Kwetu Mbeere, na kwao Meru vilevile, kaka mkubwa wa mke wako ni muthoni, mkwe wa kuheshimiwa. Aliketi na wazee wao siku ya mahari. Akija kwako unamchinjia, unamkalisha pazuri, na humwambii hapana mbele ya uso wake. Mke wangu naye hangeweza kumbishia kaka yake mbele yangu. Mtu pekee aliyeweza kusema neno, kwa adabu na kwa sauti ya chini, alikuwa mimi. Nimesoma hadi kidato cha nne. Nimekuwa mzee wa kanisa, nimepatanisha watu waliokatana panga kwa ajili ya mpaka. Maneno ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima ninayo. Siku ile sikuyatafuta hata kidogo.

Tena nikachinja mbuzi! Mtu amekuja kutuchelewesha, nami namchinjia ili achelewe akiwa ameshiba.

Nyama ilipoisha ndipo jeki ikaingia chini. Tulitoa magurudumu, tukaiketisha pikapu juu ya magogo, na majirani wakaja kana kwamba tumetangaza mkutano. Kila mmoja alikuwa fundi. Huyu anasema kaza, yule anasema legeza, mwingine anapiga kelele, "Inueni mpaka iguse mawingu!" Mbele ilikwenda sawa, sitamnyima Kirimi haki yake. Nyuma boliti zilikuwa zimekamatwa na kutu. Tukamwaga mafuta, tukagonga, tukapaka tena. Moja ikakatikia ndani. Jioni pikapu ilikuwa bado juu ya magogo, haina miguu.

Jumamosi tukaenda Embu mjini kutafuta boliti. Tulirudi na isiyoingia. Jumapili maduka mengi yalifungwa. Tulipopata boliti inayofaa, tukagundua kwamba gari limepanda juu hadi mipira inayopitisha mafuta ya breki imekuwa mifupi, imevutika kama kamba ya mbuzi aliyeona majani upande wa pili. Gari bila breki huwezi kushuka nalo hata hapa kwa shule. Tukarudi Embu tena. Na kila mara Kirimi alisema kesho, nami nikaitikia kesho, kama mwanakwaya.

Mama Wawira alifunga mkoba wake Ijumaa. Aliufungua kutoa kitenge, akaufunga tena. Mwishowe alinifuata nyuma ya boma nilipokuwa nikiosha mikono kwa petroli.

"Baba Wawira, nipeleke tu barabarani kwa bodaboda. Nitapanda gari za watu."

Kirimi alimsikia kutoka chini ya gari. "Dada, na hayo magoti? Ubadilishe gari Embu, ubadilishe Meru, na letu liko hapa? Watu watasema nini? Kesho saa nne umekaa mbele umekunja mikono."

Mke wangu akaningoja mimi niseme. Mwanangu, nilisema, "Vumilia kidogo, mama. Tumekaribia." Ndiyo, mimi! Hakuna aliyeniwekea maneno hayo mdomoni.

Kitu kimoja nilikiona bila kukielewa. Kila simu ya mke wangu ilipolia, Kirimi alirudi chini ya gari, hata kama alikuwa anakunywa chai. Nilidhani ni bidii.

Kazi iliisha siku ambayo hata majirani walikuwa wamechoka kututazama. Kirimi alizunguka na pikapu uani, akapiga honi, watoto wakashangilia. Ilisimama juu juu kama ngamia. Mama Wawira alipotaka kupanda, mguu haukufika. Ikabidi niende jikoni nikamletee kigoda. Alikuwa amesimama juu ya kigoda hicho, mkoba begani, simu ilipolia. Alisikiliza, kisha akamwambia kaka yake, "Zima gari," na Kirimi akazima.

Tulifika Maua jioni hiyo, kwa pikapu hiyo hiyo. Unataka kujua kuhusu matope? Barabara ilikuwa kavu. Uani kwao kulikuwa na magari madogo ya waombolezaji, yale ambayo tumbo linakaribia kusugua ardhi, yameegeshwa mpaka kwenye migomba. Nilitamani kulaani mtu, nikakosa wa kumlaani asiyekuwa mimi.

Baada ya mazishi Kirimi alinivuta kando. "Muthoni, sikumwacha akigombana na mtu. Nilimwacha hawezi kushika kikombe. Nilishindwa kukaa pale nikimtazama." Alikuwa amejificha chini ya gari, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpitishia spana.

Basi, mwanangu, sikukatazi kuinua gari. Ni lako, na springi ukizifunga vizuri zitakufaa. Pima tu mipira ya breki kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ninachokuambia ni hiki. Mkeo akikwambia kwamba anahitaji kufika mahali, mpeleke kwa chombo kinachotembea siku hiyo. Cha kutengeneza kitatengenezwa mkirudi. Na mtu wa kuheshimiwa akija na mpango wake, mkalishe, mchinjie ukitaka, kisha mwambie, "Muthoni, nakuheshimu, lakini kesho alfajiri naondoka na dada yako." Atanuna. Mwache anune. Mimi nimeishi na mkwe ambaye hakununa, na sitaki uyajue hayo maisha.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe mikono ya kufanya kazi na kinywa cha kukataa kwa upole. Akufikishe kwa wazazi wako na wa mkeo wakiwa bado wanaweza kukuitikia.

Pikapu niliiuza baadaye. Kirimi bado ni mkwe wangu, na akija bado namchinjia. Mke wangu hajawahi kunilaumu hata siku moja, ila tangu wakati ule akitaka kwenda mahali haniulizi. Hufunga mkoba wake, akaita bodaboda, akaondoka. Mama yake alimwuliza anakuja lini, na kwa sababu niliona haya kusema hapana, mke wangu alifika mama akiwa amekufa.