Kamera ya Uani

Niliposema naandika riwaya ya kusisimua kuhusu watu wanaofuatiliwa kwa mitambo, mwenye nyumba wetu pale Temeke alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nani ahangaike kukuchunguza wewe?" Nikamwambia asubiri kitabu. Kazi yangu naijua, na kicheko cha mzee hakikunitikisa.

Mwezi huohuo mtungi wa gesi ukaibwa uani. Mzee akaita fundi, kamera ikafungwa ukutani ikitazama kila kitu: karo la kufulia, kamba za nguo, mlango wa bafu. Sasa, uani kwetu ni kwa wanawake. Mwanaume, hata awe mwenye nyumba, hupiga hodi ukumbini na kungoja aitikiwe, maana mtu anaweza kuwa ametoka kuoga na kanga moja. Kamera haikujua hodi, ilitazama tu mchana kutwa.

Haukupita muda, mzee akatuma video kwenye grupu la wapangaji akiuliza nani kaacha mlango wa nyuma wazi. Mlango ulionekana, ndiyo. Alionekana pia mwalimu wa chumba cha jirani, kanga kifuani, maji yakimchuruzika. Huyo ni rafiki yangu, ndiye anayesoma kila sura yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee aliifuta na kuomba radhi, lakini mwalimu akaanza kutafuta chumba kwingine. Niliumia, kisha nikapandwa na hasira. Sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya mtungi wa gesi.

Nikamfuata mzee barazani. Mkewe alikuwa pembeni yake anachambua mchele.

"Shikamoo baba. Hivi ile kamera ilisajiliwa kwa barua pepe ya nani?"

"Marahaba. Mie barua pepe naitolea wapi? Fundi katumia ya kwake, akaniunganisha kwenye simu, basi."

Mambo hayo nilikuwa nimeshayasoma kwa ajili ya riwaya, kwa hiyo sikubabaika. "Basi akaunti ni ya fundi, baba. Unachokiona wewe, na yeye anaweza kukiona, hukohuko aliko."

Mzee alikuwa bado anatafakari. Mkewe alielewa zamani, akauweka ungo chini. Yeye kila asubuhi akishaoga hukaa mkekani palepale uani, akajipaka mafuta.

"Baba watoto, kwa hiyo yule fundi ananionaga?"

Mzee aliinuka palepale. Aliazima ngazi kwa jirani, akapanda mwenyewe na umri wake ule, akaing'oa kamera pamoja na kipande cha plasta.

Nilitamba wiki nzima, sikatai, na mwalimu hakuhama tena. Ila mpaka leo akitoka bafuni husimama kwanza mlangoni, akautazama ule ukuta wenye matundu ya skrubu, ndipo avuke uani.