Kabari Chini ya Gogo la Mama

Mkaratusi wa mama umenila elfu themanini na tano: wakata miti hamsini, kabari mbili za chuma ishirini na tano, mpini mpya wa nyundo kumi. Nimejumlisha mara mbili. Na gogo bado limelala mteremkoni, upande wa juu wa jiko lake.

Mti ulikuwa mteremkoni nyuma ya nyumba, huku Mlola. Kukata na kupasua walitaka elfu tisini. Nikawaambia wakate tu, kuni nitapasua mwenyewe. Wakalilaza gogo kukingama mteremko, wakachonga kabari ya mti na kuisukumiza chini yake, upande wa jikoni, lisiviringike. Hesabu yangu ilikuwa nimeokoa elfu tano.

Kabari ya kwanza ya chuma iliingia mwisho wa gogo bila ubishi. Nikajiona fundi. Katikati ikagoma. Nikapigilia ya pili pembeni ili ifungulie ya kwanza; mti mbichi ukazibana zote mbili, vikabaki vichwa tu nje. Jirani akapita.

"Kaka, naona umeziweka benki. Riba ngapi?"

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kila nilipopiga, gogo lilitikisika, na ile kabari ya mti huko chini ilisogea nje, upana wa kidole. Kuirudisha kwa nyundo ni lazima nisimame chini ya gogo, mgongo ukiliangalia jiko. Niliisukuma kwa fimbo ndefu, kama mtu anayempa chakula mbwa mkali. Haikurudi.

Nikaingia jikoni.

"Mama, pikia ndani ya nyumba kwanza."

"Nijaze moshi vitandani? Hilo gogo linashuka leo?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, mwanangu, acha makande yangu yaive."

Tangu asubuhi ni manyunyu. Udongo unalainika. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka kuitazama ile kabari ya mti. Wakata miti nimewapigia. Wako Lushoto mjini, wanasema watapanda njia ikikauka. Safari hii hata bei sikuuliza.

Wewe uliyewahi kupasua gogo bichi mteremkoni, nishauri: nilifunge kwa kamba kwenye mti wa mgrevilea ulioko upande wa juu, au niache kuligusa kabisa na nimbebe mama, na chungu chake, kwa nguvu?