Nyota ya Kwenye Friza

Juzi, katika ofisi moja ya Mbaraki, mtambo wa hewa ulio juu ya paa ulitupulizia joto la tanuri sisi wateja tuliopanga foleni. Swichi yake ya ukutani ina picha mbili: jua na nyota. Meneja, shati limemnata mgongoni, akatutuliza: "Jua ni la mchana, nyota ni ya usiku. Fundi yuaja kutoka Nairobi." Nami msomi nikatikisa kichwa kumkubalia.

Mama msafishaji akaegemeza ufagio ukutani. "Niwie radhi, bwana. Nyota hiyo iko kwenye friza yangu, nagandishia barafu za kuuza." Akaizungusha swichi hadi kwenye nyota.

Baridi ikashuka. Foleni nzima tukapiga makofi.

"Fundi akifika," akasema, ufagio begani, "mwambieni barafu za ukwaju zimebaki."