Ukurasa Ulipozimika

Phanice Kwamboka hakuwa mtu wa kusema uongo. Waliokua naye Ekerenyo wangekuapia hivyo, na hata kanisani, ambako alikuwa karani wa Shule ya Sabato, neno lake lilipokewa bila kuulizwa mara ya pili. Udhaifu wake ulikuwa mwingine: hakuweza kuvumilia kumwona mtu akivunjika moyo mbele yake.

Mwaka wa 1998 alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi moja mjini Kisii hadi wafanyakazi walipopunguzwa, naye akiwa miongoni mwao. Bwana Gopal, mwenye duka la fotokopi na vitabu vya shule karibu na soko, akampa meza na kompyuta awe anawachapia watu barua. Kazi hiyo ilimlisha. Aliyoipenda zaidi haikuwa na malipo.

Onyiego, kijana wa kwao aliyekuwa akisoma Minnesota, Amerika, alikuwa ametengeneza tovuti ndogo ya watu wa Kisii na Nyamira walio ng'ambo. Watu waliiita "ukurasa" tu. Watu wa vijijini walimletea Phanice matangazo dukani: nani amefariki, nani anaoa, harambee ya darasa itakuwa lini, mvua ya mawe imepiga chai ya wapi. Kila Jumapili aliyatuma kwa barua pepe kupitia simu ya duka, na Onyiego akayaweka kwenye ukurasa. Wote wawili walijitolea. Bwana Gopal naye alitoa laini yake, akinung'unika kila wiki na asikatae hata mara moja.

Phanice alikuwa na sababu yake. Mama yake alipofariki, kaka yake Zachariah alikuwa Kanada, na barua ya kumpasha habari ilikaa njiani wiki saba. Siku moja kabla barua haijafika, Zachariah alipiga simu kwa jirani akaomba kumsalimia mama. Phanice ndiye aliyeshika simu hiyo.

Jumatatu ya mwisho ya Januari alifungua kompyuta atazame matangazo ya jana. Ukurasa haukufunguka. Akajaribu tena, na tena. Akamwandikia Onyiego, naye akajibu kwa mistari miwili: bomba la maji lilikuwa limepasuka kwa baridi, chumba cha kompyuta cha chuo kikafurika, na mashine iliyobeba ukurasa ilikuwa majini. Angeshughulikia.

Kabla hajamaliza kufikiri, Gesare wa Nyamache aliingia, kitambaa cheusi kichwani, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Bwakire, mwanangu," alisema, akimwamkia kwa lugha yao, Ekegusii. "Mogaka ametuacha."

Phanice alimshika mikono yote miwili. Alimjua mzee Mogaka, mume wa Gesare. Alimjua pia, kwa barua tu, kifungua mimba wao Nyamongo, aliyekuwa Texas. Nyamongo alikuwa amehama, na namba yake ya zamani haikuita tena. Lakini barua yake ya mwisho kwa mama yake ilisema kila Jumapili husoma ukurasa, kwa sababu huko ndiko anakowaona.

"Basi andika," Gesare alisema. "Mwambie baba yake yuko mochari, tunamngoja."

"Ukurasa una shida kidogo, mama. Lakini Jumatano utakuwa umerudi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Jumatano. Neno lilimtoka alipoona macho ya yule mama yakianza kuzama, na lilipotoka, macho yakatulia. Hilo likamtosha kwa siku ile.

Jumatano hakukuwa na kitu. Onyiego hakuwa amejibu barua mbili. Gesare aliporudi, Phanice alisema mwisho wa wiki, na huko Nyamache mazishi yakasogezwa. Mwisho wa wiki ukapita. Akasema Jumanne. Mazishi yakasogezwa tena. Wengine pia walikuja, mwalimu Ratemo na harambee yake, wazazi wenye tangazo la arusi, na kila mmoja aliondoka na siku yake mfukoni. Bwana Gopal alisikia yote kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Phanice," alimwambia siku moja, "hizi siku unapata wapi?"

Phanice aliendelea kuchapa.

Wiki ya tatu wazee wa ukoo walichoka. Mogaka akazikwa Alhamisi, kando ya migomba yake. Phanice alikwenda. Alisimama nyuma kabisa, na alisikia vizuri mzee mmoja alipowaambia waombolezaji kwamba wamechelewa kumzika mwenzao kwa sababu ya maneno ya watu wa kompyuta. Hakutajwa jina. Watu wawili watatu waligeuka wakamtazama hata hivyo.

Watu walipoanza kuondoka, alimwendea Gesare, akapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Mama, sikuwa najua. Jumatano, Jumanne, zote nilizitunga. Nilitaka upate nguvu."

Gesare hakupaza sauti.

"Ungeniambia hujui. Kutojua si dhambi. Ningetafuta njia nyingine, ningetuma mtu Nairobi, ningezika mapema nikalia nikamaliza. Wewe ulinikalisha mlangoni nikitazama barabara."

Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia ainuke, asichafue nguo.

Siku iliyofuata, saa kumi jioni, wakati kwa Onyiego ni asubuhi, Phanice alimwomba Bwana Gopal simu. Onyiego alipokea kwa sauti ya mtu aliyetarajia kugombezwa.

"Mama, nisamehe. Mashine imekufa. Sikujua nitawaambia nini watu, nikaona ningoje mpaka niwe na habari nzuri."

Phanice alitaka kumkaripia. Akajikuta hana mdomo wa kumkaripia mtu kwa kosa hilo.

"Una tumaini lolote?" aliuliza.

"Natafuta mashine nyingine. Inaweza kuwa mwezi. Inaweza kuwa mitatu. Matangazo ya zamani sijui kama yatapatikana."

"Basi hilo ndilo tutakalowaambia. Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Bwana Gopal alikuwa na tabia moja ambayo wafanyakazi wake waliicheka: kila barua pepe iliyoingia dukani aliichapisha na kuifunga kwenye faili, maana hakuamini kitu kisicho na karatasi. Phanice alizishusha faili zote. Alikuta anwani za watu thelathini na wanane waliowahi kuandika kushukuru au kuuliza jambo. Akawaandikia wote barua moja:

"Ukurasa umezimika tangu Januari. Mashine iliharibiwa na maji. Hatujui utarudi lini, na huenda baadhi ya matangazo ya zamani yamepotea. Tutawaandikia kila Jumatatu na Alhamisi, hata kama hakuna jipya. Mwambieni kila mnayemjua. Tunamtafuta Nyamongo Mogaka wa Nyamache, aliye Texas. Nyumbani kuna msiba."

Nakala aliibandika kwenye mlango wa duka, kwa Kiswahili na Ekegusii.

Siku nne baadaye simu ililia, na mwanamume akajitaja kwa sauti iliyokwisha kupasuka. Mtu wa kanisa moja huko Dallas alikuwa amemfuata kazini. Siku nne. Phanice alielewa maana yake papo hapo: kama angeandika barua ile wiki ya kwanza, Nyamongo angejua kabla baba yake hajazikwa. Jambo hilo hakuna aliyemwambia, wala hakuna aliyeweza kumwondolea.

Gesare aliletwa mjini kesho yake kuzungumza na mwanawe. Bwana Gopal alifunga duka mchana kweupe na kuwatoa wateja wote nje, hata aliyekuwa katikati ya kufanyiwa nakala za vyeti vyake. Phanice naye alitoka, akasimama kwenye veranda. Kupitia mlangoni alisikia Gesare akisema kwa Ekegusii, "Tulikungoja, mwanangu. Usidhani hatukukungoja."

Jumatatu na Alhamisi zikaendelea. Nyingine zilikuwa na habari: Onyiego amepata mashine kuukuu, mashine imekataa kuwaka. Nyingi hazikuwa nayo. Phanice aliandika "Leo hakuna jipya" na kuibandika mlangoni vivyo hivyo. Mwanzoni aliona haya kuiandika. Lakini aligundua kwamba watu waliisoma, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda zao kupanga mambo yao. Mwalimu Ratemo alituma barua za harambee kwa posta. Arusi ilitangazwa kanisani. Waliopata barua ng'ambo wakaanza kupigiana simu, mji kwa mji, na wengine wakaandika wakimpa Onyiego pole, jambo ambalo kijana yule hakulitegemea kabisa.

Ukurasa ulirudi katikati ya Mei. Onyiego alipiga simu akishangilia, akamwambia awatangazie watu mara moja.

"Ngoja kwanza nione kwa macho yangu siku mbili," Phanice alisema, na Alhamisi alipoandika, aliandika pia kwamba matangazo ya mwaka mzima yamepotea na hayatapatikana tena.

Desemba ile Nyamongo alipata ruhusa ya kusafiri. Gesare alimwita Phanice Nyamache siku ya kujengea kaburi saruji. Hakukuwa na hotuba. Walikula matoke, wakaimba, na mvua ilipotishia, wanaume wakaharakisha kufunika saruji kwa majani ya migomba. Wakati wa kuagana, Gesare alimjazia Phanice kikapu ndizi mbivu, akamsindikiza mpaka barabarani, akamuuliza ni lini atakuja tena.

Phanice alifikiri kidogo.

"Sijui, mama," alisema. "Nikijua nitakuambia."

Gesare akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yake, akamshika mkono wakatembea hatua chache zaidi.