Tawi Bichi kwa Mughwai

Mughwai wa Ikungi alikuwa na mdomo. Siku bwana misitu alipokuja kijijini kusema kwamba kukata miti ndiko kunakoleta joto na kufukuza mvua, Mughwai alisimama nyuma ya mkutano, mikono myeusi kwa mkaa.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza. Haya malori ya barabarani, na viwanda vya huko majuu, moshi wao unakwenda wapi? Au joto lote linasubiri tanuru langu moja la mkaa?"

Watu wakacheka. Akanogewa.

"Babu yangu alichimba mizizi mwaka wa njaa, na pori lilikuwa nene, ng'ombe akiingia humwoni. Miti ilikuwepo. Mvua je?"

Bwana misitu akajaribu kueleza, vicheko vikamfunika. Mmoja tu hakucheka: Magdalena, mama mkwe wa Mughwai. Marehemu mumewe alimwachia mizinga mitatu ya nyuki, na hakuwa na mali nyingine. Yote ilining'inia kwenye mikwaju nyuma ya tanuru la mkwewe, huko upepo unakoelekea. Asali ilikuwa imeiva.

Mkutano ulipovunjika, Magdalena alisimama mbali kidogo, kama heshima ya ukwe inavyotaka, akaongea akiangalia pembeni.

"Baba, ya majuu siyajui. Ila ile miti ya miyombo iliyobaki mbele ya tanuru, niachie. Inakinga upepo."

"Sawa mama," Mughwai alijibu, kichwa chini.

Lakini tanuru lilikuwa halijajaa. Na mila ya kwao iko wazi: mti wenye mzinga haukatwi, usio na mzinga ni wa mwenye shoka. Mughwai akaiangusha miyombo yote, akapanga magogo, akafunika majani na udongo, akawasha. Mikwaju ya mama mkwe hakuigusa. Sasa kosa liko wapi?

Kesho yake mchana ukaja upepo, ule wa Singida unaong'oa mabati. Hapakuwa na cha kuusimamisha. Ukalipiga tanuru ubavuni, udongo ukapasuka, moto ukatoa ulimi. Mughwai akarusha udongo kwa koleo. Akiziba hapa, panatoboka pale. Cheche zikarukia nyasi kavu, nyasi zikaanza kukimbia na moto kuelekea mikwaju.

"Leah! Lete watu!" alimpigia mkewe kelele.

Moto wa nyasi unapigwa kwa tawi bichi, hata mtoto anajua. Mughwai akageuka huku na huku kutafuta tawi. Visiki. Kila alikotazama, visiki, na vyote alikuwa anavijua. Majani mabichi yalibaki sehemu moja tu: juu ya mikwaju, kando ya nyuki.

Akapanda. Nyuki walishapandwa hasira na moshi, wakamvaa usoni, masikioni, mpaka ndani ya shati. Akakata matawi huku akilia kama mtoto, akayatupa chini. Leah na kina mama wakayaokota, wakapiga moto, wakapiga.

Mkwaju wa mbele haukupona. Mzinga wake ukadondoka, asali ikamwagika motoni, pori zima likanukia utamu. Mama mkwe alisimama na tawi lake mkononi.

Baadaye Paschal, jirani wa Mughwai, akampitia nyumbani. "Bwana mkaa! Na moto huu nao wamewasha wa majuu?"

Mughwai alikuwa amevimba, macho yamebaki mstari. "Ya mvua na joto bado sijakubali, Paschal. Ila huu ulikuwa wa kwangu."

Leah akatoka jikoni. "Mama anasema umchongee mzinga mwingine."

Mzinga unachongwa kwenye gogo nene la mninga. Uvimbe ulipopungua, Mughwai akabeba shoka, akaingia pori analolijua kuliko kiganja chake. Akapita kilima, akapita korongo. Alikutana na visiki vyake, na miti myembamba kama mkono wake. Akafika mpaka wa kijiji cha pili, shoka bado liko begani.