Kufuli za Ndosho

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tatu, nikasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, nimebebesha viazi na makaa hadi mabega yakaota sugu. Depo yangu ya kwanza, duka la vyuma pale Goma, ilimezwa na moto wa mlima. Nikangoja jiwe lipoe, nikajenga ya pili juu yake. Leo niko na depo mbili za vyuma, moja hapa kwetu Butembo na moja Goma, mtaa tunaouita kartye ya Ndosho. Wewe unayesoma, angalia paa la jirani yako, kisha umuulize bati alilitoa kwa nani.

Kwa hiyo Masika, binti yangu wa kwanza anayeshika depo ya Ndosho, aliponipigia simu siku ya Alhamisi, sikushtuka. Nilikasirika tu. Aliniambia kwamba wakubwa wapya wa mji, wale waliokuja na bunduki huku nchi ya jirani ikiwasukuma kwa nyuma, wamewaita watu wote uwanjani. Walitaka kila mtu atie sahihi kwamba anakubali waendelee hadi Kinshasa kuiangusha serikali iliyochaguliwa. Ndosho imekataa kwenda. Sasa Jumatatu wauzaji wa kartye wanapanga jambo jingine, na wakubwa wametangaza kwamba muuzaji atakayegoma, mlango wake utatiwa kufuli yao na mali itakuwa yao.

"Na wewe uko ndani ya mambo hiyo?" nikamuuliza.

"Papa, miye njo nilisema wa kwanza."

Yaani yeye ndiye aliyeanza. Nikakata simu. Nilikuwa nakwenda kumwambia maneno matatu: fungua, uzisha, nyamaza. Akikataa, nipakie mali yangu na mtoto wangu, nirudi navyo vyote.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, nikatoka Butembo. Barabara yetu ya zamani ya kupita Kanyabayonga vita ilikuwa imeikata, kwa hiyo kwenda Goma ilibidi kwanza nitoke nchini. Nikapita Beni, nikashuka Kasindi kwenye joto lake, nikavuka kuingia Uganda. Kule barabara ni laini kama meza ya padri. Jioni nilifika Kisoro, nikalala chumba ambacho kitanda chake kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi. Miguu yangu ililala nje.

Jumamosi asubuhi, Bunagana, nikarudi Kongo kwa mlango ulioshikwa na wale wakubwa wapya. Kijana wa mezani alishika karatasi zangu muda mrefu.

"Muzee, unaingia kufanya nini?"

"Kuangalia mali yangu."

"Mali gani?"

"Mabati. Hata hii biro yenu, hii ofisi, nikiangalia juu naona bati langu."

Akainua macho kutazama paa, akacheka, akagonga muhuri. Mtu akikujua wewe ni nani, njia inafunguka. Ndivyo nilivyofikiri.

Kutoka Rutshuru nilikaa kwenye taksi pamoja na Mama Nyota, mtu wa milima ya Masisi. Huko alikuwa na shamba na ng'ombe wawili. Vita ikamtoa, sasa ananunua nyanya Rutshuru na kuziuzisha Ndosho. Alikuwa amebeba vikapu vinne, kimoja juu ya mapaja yangu.

"Papa, hii tumbo yote ni misumari?" akaniuliza nilipomweleza kazi yangu. Taksi nzima ikacheka, na mimi pia, kwa sababu ni kweli kwamba misumari ndiyo iliyonilisha.

Rumangabo, pale miti ya mbuga inapokaribia barabara, tulishushwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Mwenye bunduki mmoja alichagua nyanya katika kila kikapu, akafuta moja kwa shati lake, akaila mbele yetu. Mama Nyota alimngoja amalize. Kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Mutoto wangu, kula. Lakini ujue hiyo imelimwa." Yule kijana akatazama pembeni. Niliona, nikaiweka moyoni.

Saa tisa mchana tukaingia Goma. Mawe meusi ya mlima yako palepale, kwenye kuta, kwenye mitaro, chini ya magurudumu, na chukudu zinateremka juu yake zikipiga kelele kama zamani. Ndosho imejaa watu na mafundi kila hatua. Masika alinipokea kwa foufou, ugali wetu, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Mimi huwa sigombani kabla ya kula, kwa hiyo nilikula kwanza.

"Jumatatu unafungua depo," nikasema nilipomaliza.

"Ndiyo, Papa, tunafungua. Kartye yote inafungua, tangu asubui."

Nikaona nimeshinda upesi mno. "Na mtauzisha?"

"Hapana. Mali itakuwa inje, siye tutakaa kwenye mabenchi, na hakuna mutu atauzisha hata kiberiti. Tukifunga, wanaleta kufuli. Tukifungua, watafunga nini? Na kama hatukuuzisha, kodi yao ya siku wataipata wapi?"

Nilimwambia hajui biashara. Nikamwambia Kinshasa haijawahi kumpa hata msumari uliopinda, na yule mkubwa wa Kinshasa anayemtetea hakumfanyia lolote.

"Kwanza sikumuchagua miye," akajibu. "Nilipigia mwingine, akashindwa. Lakini kumuondosha yule ni kazi ya kura yangu, Papa. Haiko kazi ya jirani na mizinga yake."

Nikaenda kulala nikiwa na jibu zuri. Asubuhi sikulikumbuka.

Jumapili, baada ya misa, wanawake walianza kuingia depo. Mmoja anaingia, ananisalimia kwa magoti, anapita nyuma kwa Masika, anatoka, mwingine anaingia. Nikahesabu zaidi ya thelathini. Mtu akirudi mjini akiwa amekuwa mkubwa, watu huja kumwona, hilo ni la kawaida. Nikavuta kiti hadi mlangoni, nikavaa koti, nikawapa ushauri juu ya mabati, unene upi unafaa na upi unatoboka. Walinisikiliza kwa heshima sana. Hata Mama Nyota alikuja, akafunga kitu kidogo kwenye ncha ya kitenge chake, akaniambia, "Ushauri yako ni muzito, Papa wa misumari."

Jumatatu, saa moja asubuhi, nikatoka kununua mkate. Milango yote wazi. Nyanya zimepangwa, sabuni zimepangwa, sukari imejaa ndoo. Wauzaji wamekaa kwenye mabenchi, na kila mmoja amening'iniza shingoni karte yake ya uchaguzi. Ninyi mnajua kwetu hiyo ndiyo kitambulisho cha mtu, hakuna anayeweza kukukataza kuitembeza. Nyingi wino umefutika, uso hauonekani tena, imebaki plastiki nyeupe. Walizivaa hivyohivyo.

"Nipe mikate miwili."

"Imeisha, muzee."

"Si hii hapa naiona?"

"Hiyo unaona, njo imeisha."

Nikaenda kwa wa pili, kwa wa tatu. Nikatoa dola tano kwa kitu cha faranga elfu, ambazo hazifiki hata nusu dola. Hakuna! Mimi, ambaye maisha yangu yote nimeamini kwamba pesa ikionyeshwa mkono unanyooshwa, nilitembea Ndosho na pesa yangu kama mtu aliyebeba karatasi za kuchezea. Nikafika kwa Mama Nyota. Jua lilikuwa limeanza kulamba vikapu.

"Mama, sisi tulisafiri pamoja. Niuzie nyanya tatu."

"Leo hapana."

"Zitaoza."

"Zitaoza," akasema. "Ng'ombe zangu pia ziliisha."

Hakulia, hakujivuna. Alikuwa na mtaji wa vikapu vinne tu duniani, na alikuwa ameuweka juani kwa makusudi. Mimi niko na depo mbili. Nikarudi bila mkate, nikakaa kwenye benchi karibu na Masika. Papa Hangi, fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani, akaniangalia shingo.

"Muzee, na yako?"

Nikaitoa mfukoni, Masika akaifunga kwa uzi.

Saa nne, afisa akaja na askari sita na lori. Alikuwa amekwisha kuelewa mchezo: duka lisilouzisha ataliita limefungwa, na kila mlango atautia kufuli. Lakini kufuli hakuwa nazo za kutosha, na kwa Ndosho kufuli ziko depo yangu. Boksi zake zilikuwa nyuma yangu, kumi zimepandana hadi usawa wa sikio.

"Muzee, wewe njo mwenye depo?"

"Mwenyewe."

"Nipe kufuli zote. Nalipa dola taslimu, bei yako."

Akaziweka mezani, noti mpya, hazijakunjwa. Soko lote lilikuwa linaniangalia. Nilijua kabisa: nikichukua zile noti, mali yangu inabaki salama, na Mama Nyota na wenzake wanafungiwa kwa kufuli nilizouza mimi.

"Mimi nauzisha kufuli kwa mwenye mlango," nikasema. "Nionyeshe mlango wako kwanza."

"Milango yote ya huu muji ni yangu."

"Nani alikupatia?"

Mtu mmoja akapiga mluzi. Afisa akarudisha noti zake mfukoni pole pole, moja moja, akawaambia askari wapakie kila kitu. Wakachukua kufuli, wakachukua mabati yote, misumari yote. Papa Hangi alisimama kuwazuia, akasukumwa akaanguka juu ya mawe. Akainuka, akapangusa goti, akakaa tena palepale.

Askari mmoja akapasua boksi ili aanze na mlango wa Papa Hangi. Kufuli mpya, mnajua, inatoka kiwandani imefungwa, na funguo zake ziko pembeni kwenye kimfuko. Akatoa ya kwanza: hakuna funguo. Ya pili: hakuna. Wakapasua boksi zote kumi pale chini. Kufuli mia moja na ishirini, zote zimefungwa, zote hazina funguo, hazifai hata kufunga mbuzi.

"Funguo iko wapi?" afisa akamuuliza Masika.

"Mukubwa, funguo tunapatia mwenye kununua," akasema mtoto wangu. "Ninyi hamukununua."

Ndosho yote ikacheka, mtaa hadi mtaa. Afisa akageuka huku na huku, hakujua amkamate nani katika kicheko kile. Mama Nyota alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, ile iliyofungwa fundo, na ndipo nilipoelewa. Jumapili wale wanawake hawakuja kuniona mimi. Walikuja kuchukua funguo, nikiwa nimekaa mlangoni na koti langu kama mlinzi wao.

Basi, nimeshangaa. Naandika hapa mara moja, sitairudia.

Siku ile hakuna mlango wa Ndosho uliotiwa kufuli, na hakuna ushuru uliolipwa. Afisa aliniambia kesho mchana asinione tena mjini, akaondoka na mali yangu kwenye lori lake.

Jumanne asubuhi nikamwambia Masika twende wote. Depo ilikuwa na sakafu tu.

"Hakuna kitu hapa tena. Unabaki kuuzisha nini?"

"Njo vizuri sasa, Papa. Hawana tena kitu ya kunitisha nayo."

Nilitaka kumlazimisha. Nikamwangalia, nikaona huyu simwezi. Papa Hangi alikuwa amemwazima upande wa banda lake, na tayari watu watatu walikuwa wanamngoja kupanga siku nyingine. Nikamkumbatia. Nikapanda pikipiki hadi kituoni, nikarudi njia ileile, Rutshuru, Bunagana, Kisoro, Kasindi, na Jumatano jioni nikalala kwangu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani wanaokataa ni watu wasio na cha kupoteza. Nimekaa nao benchi moja: kila mmoja alikuwa na kitu, na alijua bei yake kuliko mimi ninavyojua bei ya bati.

Na kuna jambo sikumwambia Masika, namwambia sasa akisoma. Ile karte aliyonifunga shingoni niliichukua kwa ajili ya kupita barieri tu, si kwa kura. Siku ya kupiga kura nilikuwa napakua mzigo wa mabati, nikaona mstari ni mrefu, sikwenda. Wenzangu walipiga yao bila kulipa hata faranga. Nimepiga yangu Ndosho, nimechelewa, na nimeilipia: kufuli dola mia nne themanini, mabati elfu moja mia saba na sitini, misumari mia tatu thelathini na sita, njia ya kwenda na kurudi mia mbili na kumi na nne. Jumla, dola elfu mbili mia saba na tisini.